Tamko la Wagonjwa, Manusura na Wauguzaji wa Saratani wa Kanda ya Ziwa Kuhusu Vifo vya Saratani Mikoani

Mwanza, 4 Februari, Siku ya Saratani Duniani




Sisi wagonjwa, manusura na wauguzaji wa saratani wa mikoa ya Mwanza, Geita, Kagera, Mara, Simiyu na Shinyanga, tuliojiunga katika chama kimoja, tumemaliza mkutano wetu mkuu wa mwaka na tumeazimia kutoa tamko hili kwa Serikali, kwa Bunge, kwa halmashauri zetu na kwa kila familia inayouguza. Jambo letu ni vifo, na hasa mahali vinapotokea. Kila takwimu za saratani zinapotangazwa, mikoa hupangwa kama timu za ligi: mkoa huu unaongoza, ule unafuata, na kule chini ipo mikoa ambayo tunaambiwa haina tatizo. Wapo miongoni mwetu waliozika mama, mume na mtoto katika mikoa hiyo isiyo na tatizo. Hatuwezi kuendelea kunyamaza.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilikadiria kwamba mwaka 2020 Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya 40,464 na vifo 26,945. Jirani zetu wa Kenya, kwa mwaka huohuo, wagonjwa wapya 42,116 na vifo 27,092. Kwa kila wagonjwa 3 waliogundulika, wengine 2 walikuwa wanazikwa. Tunaomba msomaji alishike neno “lilikadiria”, maana tutalirudia.

Tuanze na titi, kwa kuwa ndilo linaloonyesha jambo hili waziwazi. Kwa makadirio ya mwaka huo, katika nchi zilizoendelea wanawake 55.9 kwa kila 100,000 walipata saratani ya matiti. Katika nchi zinazoendelea ni 29.7. Hesabu hizo zimesawazishwa umri, ili nchi yenye wazee wengi isionekane mbaya kwa sababu ya uzee wa watu wake tu. Mtu angetarajia basi vifo vya kule viwe karibu mara mbili ya vya huku. Haikuwa hivyo. Kule walikufa 12.8 kwa kila 100,000, huku wakafa 15.0. Wanaougua ni wachache kwetu na wanaokufa ni wengi kwetu. Watafiti waliowafuatilia wanawake wenye saratani ya matiti katika nchi 5 za Afrika, Uganda ikiwemo, walikuta kwamba baada ya miaka 3 nusu tu ya wanawake hao ndio walikuwa bado hai. Miongoni mwa wanawake weupe wa Namibia walibaki 90 katika kila 100. Nigeria walibaki 36. Pengo kubwa kiasi hicho haliwezi kuwa kazi ya ugonjwa peke yake. Wengi walifika hospitali uvimbe ukiwa umeshavuka hatua ambayo daktari angeweza kuahidi kitu.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayotuumiza zaidi, kwa sababu inazuilika. Mwaka 2020 kiwango cha vifo vyake Afrika Mashariki kilikuwa wanawake 28.6 kwa kila 100,000. Amerika ya Kaskazini hakikufika 3. Malawi, jirani yetu wa kusini, kilipita 50. Virusi vinavyoileta, HPV, vimo duniani kote. Kinachokosekana huku ni uchunguzi wa mapema, ambao kwa njia ya siki hauhitaji mashine: muuguzi aliyefundishwa, taa nzuri, pamba na siki, na kifaa cha kuchoma sehemu iliyobadilika siku hiyohiyo kabla mama hajapanda bodaboda kurudi nyumbani. Tunataja siku hiyohiyo kwa makusudi. Mama anayeambiwa arudi wiki ijayo, wengi wenu mnajua, ndiye tunayemkuta miaka 4 baadaye akivuja damu.

Tofauti hizi zimo pia ndani ya nchi yetu, na nyingine zina sababu za asili ya mahali. Ukanda wa saratani ya koo la chakula unaanzia Ethiopia, unapita magharibi mwa Kenya na Tanzania hadi Malawi na Afrika Kusini. Bomet, Kenya, madaktari wamewaona hata vijana wasiofika miaka 30 wasioweza kumeza maji. Pombe za kienyeji, tumbaku na moshi wa jikoni vyote vinachunguzwa, na Kilimanjaro watafiti wameipima hata chai ya asubuhi, kwa kuwa kinywaji kinachozidi nyuzi 65 kiliwekwa mwaka 2016 katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Njombe na Iringa maambukizi ya VVU kwa watu wazima yanazidi asilimia 10, na mwanamke mwenye VVU yumo hatarini mara 6 zaidi kupata saratani ya mlango wa kizazi. Huku kwetu ziwani tuna kichocho cha mkojo, ambacho kikikaa mwilini miaka mingi huweza kuzaa saratani ya kibofu. Na tuna uvimbe wa taya wa watoto.

Kuhusu uvimbe huo tunaomba kukaa kidogo. Mwaka 1961 Dkt. Denis Burkitt, mpasuaji wa Kampala aliyekuwa ameueleza mwaka 1958, alifunga safari ya gari pamoja na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson. Walitoka Uganda wakashuka hadi kusini mwa Afrika, hospitali moja baada ya nyingine, wakiuliza kama kuna watoto waliowahi kuonekana na uvimbe wa namna hiyo. Waligundua kwamba ugonjwa ulifuata nchi zenye joto na mvua na kuikwepa miinuko yenye baridi. Kutokana na vipande vya uvimbe huo vilivyopelekwa London, mwaka 1964 kilipatikana kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, na uhusiano wa uvimbe huo na malaria ukaja kufahamika baadaye. Yote hayo yalianza na watu waliokwenda kuuliza mtoto huyu kwao ni wapi.

Swali hilo ndilo ambalo hesabu zetu za leo mara nyingi haziulizi. Mkoa wenye hospitali kubwa huonekana una saratani nyingi kwa sababu huko ndiko vipimo vilipo. Dar es Salaam ina Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Mwanza ina Bugando, Kilimanjaro ina KCMC. Mgonjwa aliyetoka Kigoma akafikia kwa shemeji yake Temeke huweza kuandikwa ni wa Temeke. Ambaye hakufika kokote, aliyekunywa mitishamba mpaka akaisha, haandikwi popote. Mkoa wake hupata sifa ya kuwa salama, na mkoa uliosifiwa hivyo hauletewi daktari wa patholojia wala fedha. Hivi ndivyo ukimya unavyozaa vifo vingine. Tunaongeza kwamba idadi si kiwango: Kilimanjaro kwa uwiano ina wazee wengi kuliko Katavi, na saratani nyingi ni za uzeeni, kwa hiyo kulinganisha mikoa hiyo bila kusawazisha umri ni kuwadanganya wananchi wa mikoa yote miwili.

Mwenzetu mmoja anayeishi kisiwani alihisi kivimbe titini akakiripoti zahanati mwezi huohuo. Alifanya kila tunachowahubiria wanawake. Alipewa rufaa, akavuka kwa kivuko, akachukuliwa kinyama cha kupimwa katika hospitali moja, akaambiwa asubiri simu. Simu haikuja. Alirudi mara mbili kwa nauli ya kukopa, na mara ya pili akaelezwa kwamba sampuli haionekani na itabidi waanze upya. Kivimbe kilichokuwa kama punje ya mahindi kilikuwa sasa kimepasua ngozi. Hatumtaji yeye wala hospitali, kwa kuwa yaliyompata yangeweza kutokea katika hospitali nyingi. Lakini hatukubali tena kusikia kwamba wanawake wetu “wanachelewa”. Huyu hakuchelewa.

Tunajua pia kwamba mwenendo wa vifo hubadilika watu wakiamua. Marekani, kati ya 1991 na 2020, kiwango cha vifo vya saratani kilishuka kwa asilimia 33, kwa kuacha sigara, kugundua mapema na kutibu vizuri zaidi. Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Kampala wana rejista ya saratani tangu miaka ya 1950, na ndiyo iliyoonyesha saratani ya Kaposi ikipanda wakati wa UKIMWI na kushuka dawa za kufubaza VVU zilipowafikia watu. Rwanda ilianza chanjo ya HPV kwa wasichana nchi nzima mwaka 2011, ya kwanza barani Afrika. Tanzania ilianza 2018 na Kenya 2019.

Hapa tunasema kwa fahari jambo ambalo wakazi wengi wa Mwanza hawalijui. Mabinti 930 wa jiji hili na viunga vyake, wa miaka 9 hadi 14, walishiriki utafiti uliosaidia kuthibitisha kwamba dozi 1 ya chanjo hiyo inaweza kutosha pale zilipokuwa zikitolewa 2 au 3. Wasichana wa Kisumu, Thika na Nairobi walishiriki utafiti mwenzake. Mwaka 2022 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wakakubali ratiba ya dozi 1, na mwaka 2024 Tanzania ikaifuata kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mabinti hao wamezipunguzia gharama nchi nyingi maskini. Wana haki ya kuzeeka bila kuzikwa na ugonjwa ambao wao wenyewe walisaidia kuuzuia, na mama zao, waliopita umri wa chanjo, wana haki ya kupimwa.

Wakati wenyewe si rafiki. Makadirio ya kimataifa yanasema ifikapo 2050 wagonjwa wapya duniani watafika milioni 35 kwa mwaka, na katika nchi zenye maendeleo ya chini kabisa vifo vitakaribia kuongezeka maradufu.

Kwa hiyo, tunatamka kama ifuatavyo.

Tunaitaka Wizara ya Afya, pamoja na mamlaka za usajili wa vifo, ihakikishe kila kifo cha saratani kinaandikwa kwa wilaya aliyoishi marehemu kabla hajaugua, hata kama amefia hospitali ya mbali, na hata kama amefia nyumbani. Tukiambiwa haiwezekani, tutajibu kwamba nchi hii ilishafanya. Kuanzia 1992, Hai, Morogoro Vijijini na baadhi ya maeneo ya Dar es Salaam, wafiwa walihojiwa kuhusu ugonjwa wa marehemu na sababu ya kifo ikakisiwa kitaalamu. Kisesa, wilayani Magu, kaya zimekuwa zikifuatiliwa tangu 1994. Mtendaji wa kijiji anajua kila msiba wa kijiji chake. Kinachotakiwa ni fomu, mafunzo, na mtu wilayani wa kuzisoma fomu hizo. Takwimu zitangazwe kila mwaka zikiwa zimesawazishwa umri, na kila mkoa ambao haujahesabu vifo vyake uandikwe wazi kwamba haujahesabu. Usiandikwe una saratani kidogo.

Tunaitaka Serikali itumie hesabu hizo kugawa watu na vifaa. Wataalamu wa patholojia waongezwe katika hospitali za rufaa za mikoa, na uwekwe muda wa mwisho wa majibu ya kinyama ambao mgonjwa ataujua siku anapochukuliwa sampuli. Mashine za mionzi zisiachwe kuwa moja moja kila kanda: mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda iliharibika kabisa, na nchi nzima ikakosa huduma hiyo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, nasi tuliishangilia, ila kadi ya bima hailipi nauli wala godoro la kulalia wiki 6 za mionzi. Tunaomba nauli na malazi ya wagonjwa wa saratani yaingizwe katika bajeti za halmashauri, kuanzia zile zilizo mbali zaidi na tiba.

Dawa ya maumivu ifike wilayani. Uganda tangu 2004 iliruhusu wauguzi waliofundishwa kuandika mofini ya kunywa. Mgonjwa ambaye hatapona bado anahitaji usingizi wa usiku.

Kwa viongozi wa dini, wazee wa mila na waganga wa tiba asili, tunawaomba kwa heshima: mgonjwa mwenye kidonda kisichopona, uvimbe unaokua, damu isiyo ya kawaida au chakula kinachokwama kooni, msimkalishe. Mwombeeni akiwa njiani kwenda hospitali.

Na sisi wenyewe tumeanza. Kila tawi la chama limekabidhiwa daftari la kuandika kila mwanachama anayefariki, kijiji alikoishi, siku aliyohisi dalili ya kwanza, siku aliyopata majibu na siku aliyoanza tiba, kwa ridhaa ya familia yake. Nakala zitakabidhiwa kwa waganga wakuu wa mikoa yote 6 ifikapo 30 Juni, na baada ya hapo kila miezi mitatu, mpaka watakapotuambia kwamba hesabu yao imekamilika kuliko yetu.

Imetolewa na Kamati Tendaji ya chama
Mwanza