Mgeni wa Saa Nane Usiku

Mwezi huu nimekuja kwenu nimeinamisha kichwa. Kwenye ukurasa huu nimewahubiria sana habari za kuaminiana, kuulizana kabla ya kununa, na kutopekua simu ya mwenzio akiwa bafuni. Basi bwana, yamenikuta mwenyewe! Tena hayakunikutia kwenye simu. Yamenikutia kwenye lile dude dogo lenye antena mbili lililokaa juu ya kabati la televisheni sebuleni. Ruta.

Usicheke kwanza. Nisikilize.

Siku ya Alhamisi nilibaki nyumbani nimalizie kurasa za jarida hili. Watoto shuleni, baba watoto kazini, nyumba kimya, nikasema leo nitafanya kazi mpaka nichoke. Wapi! Intaneti ilikuwa inajikokota kama daladala bovu lililopakia abiria wa vituo vyote. Picha moja kutuma, nusu saa. Nikampigia shosti wangu wa ofisini, yule anayetusaidia kompyuta zikigoma. Akaniambia, “Shosti, huenda mnatumiwa mtandao wenu na watu. Hebu ifungue hiyo ruta uone waliomo.”

Mimi sikujua kama ruta inafunguliwa bila bisibisi.

Kumbe ni rahisi tu. Unaigeuza, chini kuna kibandiko kimeandikwa namba kama 192.168.1.1, nyingine huwa 192.168.0.1. Unaiandika namba hiyo kwenye kompyuta, pale juu unapoandika anuani ya tovuti. Unaulizwa jina na neno la siri. Kibandiko chetu kilisema jina ni admin na neno la siri ni admin. Fundi aliyetufungia aliliacha vilevile lilivyotoka kiwandani, nasi hatukuwahi kuligusa. Nikaingia kama naingia sokoni.

Nikaona orodha ya vifaa vyote. Yule fundi, Mungu ambariki, siku anafunga alikuwa amevipa majina: simu ya baba, simu ya mama, laptopu ya mama, televisheni, tableti ya watoto, simu ya dada. Lakini palikuwa na kifaa kimoja hakina jina. Kina namba na herufi tu, kumi na mbili, zimetenganishwa na nukta mbilimbili.

Nikafungua sehemu ya kumbukumbu, pale ruta inapoandika nani kaingia na saa ngapi. Mgeni wangu aliingia Jumatatu saa nane kasoro usiku, akatoka saa kumi. Jumanne, saa nane kamili. Jumatano, saa nane na robo.

Saa nane za usiku, ndani ya nyumba yangu, na milango imefungwa!

Nikaanza hesabu. Jirani? Fensi iko mbali, na mtandao wetu hata jikoni unafika kwa kuchechemea. Dada wa kazi? Simu yake ina jina kwenye orodha. Watoto? Hawana simu. Aliyebaki ni mmoja tu. Na hapo lile neno likaniingia kichwani likakataa kutoka: simu ya pili.

Wanawake wenzangu mnajua linavyouma. Ghafla kila kitu kikaleta maana. Wiki mbili alikuwa mkimya. Chakula anadonoa. Usiku nageuka kitandani, mahali pake pako wazi, nikidhani kaenda maliwatoni nalala tena. Kazi ya jarida ikaishia hapo. Nikatafuta kitufe cha kuzuia, nikambonyeza yule mgeni. Nikasema leo utanitambua.

Usiku nikajifanya nimelala. Kwenye saa nane hivi akanyanyuka taratibu, akatoka. Nikahesabu mpaka mia, nikamfuata bila kandambili. Nikamkuta kwenye kochi gizani, uso unamulikwa na simu, anaitikisa kama anayetafuta kitu ndani yake.

“Mama watoto, mbona umeamka? Hivi intaneti imekata? Alama ya mtandao ipo, lakini hakuna kinachofunguka.”

“Lete hiyo simu ya pili,” nikamwambia.

“Simu gani ya pili?”

Nikaichukua mkononi mwake. Ilikuwa simu ileile ninayoijua, yenye ufa pembeni alioupata siku ya harusi ya mdogo wangu. Kwenye kioo palikuwa na barua pepe haijamalizika. Maombi ya kazi.

Sitawaelezea yote yaliyosemwa sebuleni usiku ule. Itoshe kusema kwamba mkataba wake kazini ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi na ameshaambiwa hautaongezwa. Alikuwa ameyabeba hayo peke yake wiki mbili nzima. Kila usiku anasubiri nilale, anakwenda kutafuta kazi sebuleni ili nisione. Aliniambia aliogopa kunitia wasiwasi katikati ya ada za shule. Halafu akaniuliza swali ambalo mpaka leo linaniwasha: “Uliona jambo tangu mchana. Kwa nini hukuniuliza?”

Sikuwa na jibu. Nami nikamuuliza, “Na wewe kwa nini hukuniambia?” Naye hakuwa nalo. Tukakaa pale mpaka adhana ya alfajiri.

Kumbe mgeni alikuwa nani?

Asubuhi nikampigia fundi, akacheka mpaka nikakasirika. Akanieleza hivi. Ruta nyingi siku hizi zinarusha mawimbi ya aina mbili. Kuna ya 2.4 GHz, yanayokwenda mbali na kupenya kuta vizuri ila mwendo wake ni mdogo. Na kuna ya 5 GHz, yenye kasi lakini yanachoka haraka yakikutana na kuta. Fundi alikuwa ameyapa majina mawili tofauti, kana kwamba ni mitandao miwili. Chumbani simu ya mume wangu ilikuwa inashika ule wa kwanza. Akienda sebuleni, karibu na ruta, inahamia ule wa pili.

Sasa, simu za Android kuanzia toleo la 10 la mwaka 2019, na iPhone kuanzia iOS 14 ya mwaka 2020, kwa kawaida hazitoi namba yao halisi zikiingia kwenye waifai. Zinabuni namba nyingine kwa kila mtandao, ili mwenye simu asifuatiliwe kila anapokwenda. Kwa hiyo simu moja, mitandao miwili, namba mbili. Na kwenye kumbukumbu ilikuwepo dalili ambayo hasira haikuniruhusu kuiona: kila “mgeni” alipoingia, “simu ya baba” ilikuwa inatoka.

Akanipa na siri ya kutambua. Tazama tarakimu ya pili katika ile safu ya kumi na mbili. Ikiwa ni 2, 6, A au E, basi hiyo ni namba ya kubuni, na mara nyingi ni simu ya mtu wa humohumo ndani. Mgeni wangu alianza na 7A. Laiti ningejua!

Tulivyoitengeneza upya

Jumamosi tulikaa wawili mbele ya ile ruta na vikombe vya chai, tukairekebisha. Nakupa tuliyoyafanya, nawe ukipata nafasi kaa na mwenzio mfanye.

Kwanza, tulibadilisha lile neno la siri la admin. Hili ni tofauti na lile unalowapa watu waingie kwenye waifai. Lile ni ufunguo wa mlango wa sebuleni, hili ni ufunguo wa nyumba nzima. Mwenye nalo anaweza kukufungia nje.

Pili, tulitazama aina ya ulinzi. Chagua WPA2, au WPA3 ambayo ilitoka mwaka 2018, kama vifaa vyako vinaikubali. Ukikuta umewekewa WEP, badilisha leo hiihii. Hiyo ilishavunjwa tangu mwaka 2001, na asiye na kazi anaweza kuifungua kwa dakika chache.

Tatu, tulizima WPS, ile njia ya kuunganisha kwa kubonyeza kitufe au kwa namba nane. Mwaka 2011 ilionekana kwamba namba hizo nane zinaweza kubahatishwa mpaka zikapatikana. Urahisi wake hauna thamani ya hatari hiyo.

Nne, tulifungua mtandao wa wageni wenye neno lake la siri. Shemeji akija, mashoga zangu wa kikoba wakija, wanaingia huko. Hawagusi kompyuta zetu, na ukilibadilisha neno la siri la wageni hakuna wa ndani anayesumbuka.

Tano, kasi. Tuliishusha ruta kutoka nyuma ya televisheni, tukaiweka mahali pa wazi katikati ya nyumba. Kwenye 2.4 GHz tukahamia chaneli ya 1, maana majirani wote walikuwa wamejazana kwenye 6. Chaneli zisizoingiliana huko ni 1, 6 na 11, chagua yenye watu wachache. Hiyo peke yake ilirudisha raha. Kumbe hakuna aliyekuwa ananiibia, msongamano tu!

Sita, watoto. Ruta nyingi zina ratiba. Tableti yao sasa inakosa intaneti saa tatu usiku mpaka asubuhi. Tena tumeweka DNS ya 1.1.1.3, huduma ya bure ya Cloudflare iliyoanza mwaka 2020, inayozuia tovuti chafu. Si ukuta wa chuma, mtoto mjanja atatafuta upenyo, lakini mdogo hataangukia mambo kwa bahati mbaya. Na tuliwaambia. Hatukuwawekea kimyakimya.

Mwisho, tulisasisha programu ya ruta yenyewe, tukahifadhi nakala ya mipangilio. Ukiharibu kila kitu usilie. Nyuma kuna tundu dogo, choma kwa pini kama sekunde kumi na itarudi kama ilivyotoka kiwandani, kisha unaanza upya.

Ufunguo anashika nani?

Sasa nakuja kwenye lililonifanya niandike. Nyumba nyingi ruta ina bwana mmoja. Mara nyingi ni baba, mara nyingine ni mtoto mkubwa anayejua kompyuta. Huyo anaweza kuona nani yuko macho saa ngapi, anaweza kumzimia mwenzake intaneti wakigombana, na ruta nyingine zitamwonyesha hata tovuti zilizotembelewa. Najua wapo wanaofanya hivyo kwa makusudi. Niliwahi kudhani ni wivu mtamu. Sasa naona ni kumfungia mtu ndani bila kufuli.

Kwetu neno la siri la admin limeandikwa kwenye karatasi, liko kwenye droo ya vyeti, na wote wawili tunalijua. Tumekubaliana kwamba kumbukumbu za ruta zinafunguliwa mtandao ukiharibika tu, tena tukiwa pamoja. Na kwa anayedhani cheti cha ndoa ni leseni, akumbuke kwamba Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda mawasiliano binafsi ya kila mtu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kunasa mawasiliano ya mtu bila idhini.

Isitoshe, hata ukipekua hutapata unachotafuta. Ruta itakuambia simu iko macho. Kilichoandikwa kwenye WhatsApp haikioni, maana tangu mwaka 2016 jumbe zinafungwa kuanzia simu hii mpaka ile. Na lililo moyoni mwa mtu haliandikwi kwenye kumbukumbu yoyote. Mimi nilikuwa na tarehe, saa na dakika za usiku tatu, nikatoka na jibu lisilo sahihi. Mwenye jibu alikuwa amelala pembeni yangu.

Mkataba wake umeshaisha. Tumepunguza matumizi, gari limepumzika, na kuna mahali ameitwa kwenye usaili. Mtuombee. Usiku bado anaamka wakati mwingine, ila sasa ananigusa bega kwanza, nami naamka nikampashie maji ya chai huku akiandika barua zake.

Ile “7A” tumeipa jina kwenye orodha. Inaitwa “baba, sebuleni”.

Haya, mpenzi msomaji, na wewe je? Kuna jambo unaloliona nyumbani na unaogopa kuuliza? Uliza leo, kabla hujabonyeza kitufe. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.