Dawa ya Moto si Moto

"Dawa ya moto ni moto." Methali hii ina watetezi wengi, na nchini Marekani imekaribia kuwa sheria. Mkaazi akihofia risasi za wengine huambiwa anunue bastola yake, kwani mtu mwema mwenye silaha, hudaiwa, ndiye atakayemzuia mwovu.

Na waitazame Buffalo, mji wa jimbo la New York wenye watu wasiofika 300,000. Tarehe 14 Mei 2022 kijana wa miaka 18 alivamia duka kubwa la vyakula katika mtaa wa watu weusi, akaua watu 10, wote weusi. Mlinzi wa duka, Aaron Salter, alikuwa polisi mstaafu. Hakukosa bastola, wala ujuzi, wala ushujaa. Alimpiga muuaji risasi. Fulana ya kukinga risasi ikaizuia. Salter akauawa. Nani, basi, miongoni mwa wanunuzi wa mkate angefanya zaidi yake?

Hofu ya wakaazi ni ya haki. Lakini bunduki ya muuaji ilinunuliwa katika duka lenye leseni: soko linalowauzia wakaazi ngao ndilo lililomuuzia yeye mkuki. Juni 2022 jimbo lilipandisha umri wa kununua bunduki za aina hiyo hadi miaka 21. Mwezi huo huo Mahakama ya Juu ya Marekani ikalegeza masharti ya kutembea na bastola hadharani. Mkono mmoja wazima, wa pili wachochea.

Dawa ya moto ni maji, nayo ni kumnyima muuaji silaha kabla hajatoka nyumbani kwake.