Bibi wa Kaniki Naye Ni Bibi



Leo tuambiane ukweli. Ikija posa, suali la kwanza ni "kabila gani?" Hapo kila mtu babu yake katoka Oman, Hadhramaut au Shiraz. Bibi aliyetoka Nyasa hatajwi, kama kwamba hakuzaa.

Sisi bibi wa bibi yetu aliletwa kutoka Nyasa bado mdogo, akavishwa kaniki, vazi la watumwa. Mama alitusimulia akitusuka nywele, kwa sauti ya chini, kisha akatukanya: "Msiseme mbele za watu."

Tunasema. Utumwa uliondolewa kisheria Unguja na Pemba 1897, na masuria wakangojea mpaka 1909. Wanawake walioachiwa huru walivua kaniki wakajifunga kanga. Bibi huyo naye alijifunga. Kanga hizo hizo ndizo leo tunazitia kwenye sanduku la bibi harusi, na aliyezitafuta kwa uchungu tunamuonea haya!

Na wanaojisifu kwa nasaba wakumbuke: watoto wa Seyyid Said waliotawala Unguja baada yake, wote mama zao walikuwa masuria. Nani basi amcheke mwenzake?

Suratul Hujurat imeshatuhukumu: mbora wetu ni mchamungu zaidi. Mposaji aulizwe sala yake, tabia yake na kazi yake. Na wewe bibi harusi, ukiulizwa asili yako, mtaje bibi yako kwa jina. Akikimbia mtu kwa hilo, mshukuru Mola, umeepushwa.