Jozi Moja ya Viatu

Mwezi huu twaanza na jambo ambalo baadhi ya wazee wenzetu watalishangaa, nalo ni mwalimu wa chuo kutazama sinema. Tulikwenda kumzuru binti yetu aliyejifungua, na baada ya sala ya isha mkwe wetu akafungua televisheni, nasi tukaona haya kuinuka. Tulidhani tutasinzia. Hatukusinzia.

Mchezo wenyewe ni wa Iran, umetungwa na kuongozwa na Majid Majidi mwaka 1997, na jina lake ni Bacheha-ye Aseman, yaani Watoto wa Mbinguni. Ndio mchezo wa kwanza wa nchi ile kuteuliwa kushindania tuzo ya Oscar huko Marekani katika fungu la sinema za kigeni. Hamna ndani yake bastola wala majumba ya fahari. Kisa chote ni jozi moja ya viatu.

Ali ni mtoto wa mtaa wa kimasikini mjini Tehran. Ametumwa kwa mshona viatu, na wakati wa kurudi aingia dukani kununua viazi, akiviacha viatu vya dada yake Zahra nje. Mwokota taka avichukua bila ya kujua. Nyumbani mama ni mgonjwa na baba anadaiwa kodi ya nyumba. Usiku ule watoto wale waandikiana madaftarini, wazazi wao wakiwa papo hapo chumbani, na wakubaliana wasiseme neno. Zahra husoma asubuhi na Ali mchana. Basi raba za Ali, kuukuu na kubwa kwa Zahra, zitavaliwa na wote wawili. Zahra akitoka skuli hukimbia vichochoroni, wakabadilishana njiani, na Ali naye hukimbia. Juu ya hayo yote, huchelewa.

Mkuu wa skuli alimkaripia, kisha akamfukuza akamlete baba yake. Mwalimu wake ndiye aliyemwombea, kwa kuwa ni mwanafunzi mwema. Lakini sababu yenyewe haikujulikana.

Hapo ndipo tulipotaka kuinuka, wala si kwa usingizi. Miaka mingi iliyopita walikuwapo chuoni kwetu ndugu wawili. Mkubwa alisoma baada ya alasiri na mdogo baada ya magharibi. Huyu mdogo alikuwa hafiki mpaka wenzake wamekwisha kusoma nusu ya somo, naye kanzu yake imelowa jasho na yaburura chini. Tulimsimamisha mlangoni mbele ya wenzake, na fimbo tulimpiga, si mara moja. Kumwuliza hatukumwuliza. Kisha wakakatika kuja, wote wawili. Tulipokwenda kwao kumzika bibi yao ndipo tulipoiona ile kanzu juu ya kamba, nayo ni moja tu. Mama yao akatuambia, macho chini, kwamba mkubwa akirudi ndipo mdogo huivaa. Tuliwabembeleza warudi. Mkubwa alirudi, mdogo hakutaka.

Turudi Tehran. Baba yao Ali hupika chai msikitini, na siku moja ameketi nyumbani akivunjavunja mabonge ya sukari ya msikiti. Zahra amletea chai, naye aulizia sukari. Mtoto ashangaa: hiyo mbele yako ni nini? Baba amjibu kwamba ile ni ya msikiti, wamepewa amana. Tumefundisha somo la amana zaidi ya miaka thelathini, na hatujapata kulisomesha vizuri hivyo kwa kikombe cha chai.

Tena Zahra aviona viatu vyake miguuni mwa msichana mwingine skulini. Amfuata pamoja na Ali mpaka mlangoni kwao, wamekuja kudai haki. Wamwona baba yake yule msichana akitoka, naye ni kipofu. Wakatazamana, wakarudi zao kimya.

Mama watoto alituambia kuwa hakupendezwa na watoto kuwaficha wazazi wao, kwani ndiyo mwanzo wa uwongo. Sisi tulimwambia ile ni huruma. Akatuuliza: na huyo baba mkali, mwana angemwambiaje? Hatukuwa na jawabu, kwa maana ukali wa baba yule twaujua, tumekuwa nao.

Hatimaye yakatangazwa mashindano ya mbio, na zawadi ya mshindi wa tatu ni jozi ya raba. Ali alilia kwa mwalimu mpaka akaingizwa. Alikimbia akitaka awe wa tatu tu, akaangushwa, akainuka, na kwa kukazana akawa wa kwanza. Watu wamshangilia na kumpiga picha, naye machozi yamtiririka. Arudi nyumbani mikono mitupu. Zahra amtazama, asiseme kitu.

Wakati huohuo baba yumo njiani na baiskeli yake, na juu yake mna jozi mbili za viatu vipya. Sisi tuliokaa kutazama twaviona. Ali havioni. Ameketi kwenye birika la uani, ametia maji miguu yake iliyojaa malengelenge, na samaki wekundu wanaizunguka.