Mashine Imesema! Na Nani Kaipima Mashine?

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi za wateja zilinizidi. Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nina ugomvi.

Mavuno yaliyopita binamu yangu alipeleka mahindi kwa mnunuzi mmoja Bungoma. Mashine ya kupima unyevu ikasema 15.2. Akayapakia tena, akayaleta huku Kitale, na jioni mashine ya mnunuzi mwingine ikasema 13.4. Kikomo cha kiwango cha Afrika Mashariki ni asilimia 13.5. Kwa hiyo asubuhi mahindi ni ya kurudishwa juani, jioni ni pesa, na magunia ni yaleyale. Ukiuliza, kila mmoja anakujibu: mashine imesema.

Mimi huandika programu kwa riziki yangu, na neno hilo hunikera. Mashine hiyo haioni maji. Inapima jinsi umeme unavyotenda ndani ya nafaka, kisha fomula iliyoandikwa na mtu inageuza namba hiyo kuwa asilimia. Fomula ya ngano ukiitumia kwa mahindi, umeharibu. Joto nalo: nafaka yenye joto, isiposahihishwa, husomeka kama ina maji zaidi. Sasa linganisheni mahindi yaliyotoka juani Bungoma, kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na yaliyopoa jioni Kitale, kama mita 1,900.

Watu wa bahari walishapitia haya. Wana vipimajoto vya kutupa viitwavyo XBT: meli inapita, kifaa kinadondoshwa, waya mwembamba wa shaba unaleta joto la maji, kisha kifaa kinapotelea huko chini. Kina hakipimwi. Kinakokotolewa kwa sekunde tangu kifaa kiguse maji. Basi wakavidondosha kando ya vyombo vya maabara vyenye kipima mgandamizo, wakalinganisha. Mwaka 1995 Hanawa na wenzake wakachapisha jibu: kwa aina kadhaa zilizotumika sana, fomula ya kiwandani ilipunja kina kwa karibu asilimia 3.4. Namba 6.472 ikawa 6.691. Na kwa kuwa fomula ilijulikana, vipimo vya zamani viliweza kusahihishwa.

Stakabadhi ya binamu yangu ina nini? "15.2". Hakuna joto la nafaka, hakuna aina ya mashine, hakuna namba ghafi. Hapo hutasahihisha kitu.

Na msidhani ni jambo dogo. Kukausha gunia la kilo 90 kutoka 15 hadi 13.5 kunaondoa kilo 1.56 za maji. Kwa magunia 100 ni kilo 156, mbali na gharama ya kukausha. Kama mashine ilidanganya, mkulima amelipia maji ambayo hayakuwepo. Ikidanganya upande wa pili ni balaa zaidi: mahindi mabichi yanaingia ghalani yakiitwa makavu, na kuvu inaanza kazi. Mwaka 2004 sumu ya aflatoksini iliua watu 125 Makueni, Kitui na jirani zao.

Najua mtasema jiko la maabara ni ghali. Kweli, kipimo cha rejea ni kuoka punje nzima kwa nyuzi 103 za Selsiasi kwa saa 72, na hakuna karani atakayefanya hivyo foleni ikingoja. Simtaki afanye. Nataka sampuli tatu zilizofungwa vizuri, zilizopimwa jikoni, zipitishwe kwenye kila mashine kabla ya msimu, na matokeo yabandikwe ukutani. Mizani ya mnunuzi hukaguliwa na kupigwa muhuri. Mashine inayoamua kama mzigo wote utapokelewa au la, muhuri wake uko wapi?

(Chumvi kavu na mahindi ndani ya chupa bado ni kipimo kizuri cha nyumbani. Tikisa, ikiganda kwenye kioo, anika tena. Lakini haitakupa desimali za kubishana na mnunuzi.)

Mwenye stakabadhi mbili za mzigo mmoja, za mashine mbili tofauti, aniandikie namba, saa na hali ya hewa. Jina la mnunuzi silihitaji. Nikipata jozi 30 nitaziweka hapa zote, pamoja na hesabu na msimbo wake.