Usitoboe Hilo Puto

Wiki iliyopita kuna klipu ilizunguka sana huku Pwani. Jamaa amemshika paka aliyetoka kufanyiwa operesheni ya mguu, paja limefura kama lina embe chini ya ngozi. Anachukua sindano ya duka la dawa, anachoma, anavuta maji, anacheka na kamera: hivi tu, halafu madaktari wanawala pesa bure. Komenti zote ni moto na makofi.

Siku chache baadaye msichana mmoja wa Msambweni akaniandikia. Paka wake naye alikuwa na uvimbe, ameiona ile klipu, ametoboa. Sasa panatoka usaha, pananuka, na ameambiwa huenda mguu wote ukakatwa. Akaniuliza, "Ni mimi nimemuharibu?" Nilikaa na simu mkononi sijui nimjibu nini.

Kwa hivyo leo niko na hasira, mnivumilie. Najua kuna wa kuja hapa kusema huyu ameacha chuo, udaktari kaanza lini. Sijaanza. Ninayosema niliambiwa na daktari aliyemtengeneza paka wangu, na nikayafanya kwa mikono yangu, siku baada ya siku. Yule wa klipu aliambiwa na nani?

Paka wangu anaitwa Pweza. Ni wa hapa hapa Shimoni, amekulia kwenye vichwa vya samaki pale wavuvi wanaposhukia. Mwaka jana boda ilimgonga jioni, mfupa wa paja ukavunjika. Kumpata mtu wa kufungua mguu wa paka na kutia pini ilibidi nipande matatu mpaka Ukunda, nyingine mpaka Likoni, nivuke feri na Pweza kwenye kikapu, watu wananitazama kama nimebeba nyoka. Na njia nzima ni swali moja tu: "Si ni paka?"

Hapo Diani mbega akigongwa na gari kuna watu wa kumchukua. Colobus Conservation wako pale tangu 1997, wanawatibu, na wametundika ngazi za kamba juu ya barabara ili wavuke bila kukanyagwa. Lamu punda wana kliniki yao tangu 1987. Vizuri sana, wala sioni wivu. Lakini mbega ana watalii na punda ana mzigo. Paka anayekuondolea panya kwenye unga wako hana wakili.

Tuje kwenye uvimbe wenyewe. Tulirudi nyumbani, siku ya tatu paja la Pweza likafura, na kesho yake uvimbe ukashuka mpaka kwenye kifundo. Nikajua nimempoteza. Nikampigia daktari nikiwa karibu kulia, naye akanieleza kitu ambacho laiti yule wa klipu angekijua. Ukifungua mguu, ngozi inaachana na nyama na nafasi inabaki katikati. Mwili hauachi nafasi tupu, unaijaza maji. Yanaitwa seroma. Na maji yoyote mwilini hufuata mteremko, ndiyo maana yanaonekana chini ya pale alipokatwa. Kama uvimbe ni laini, hauna moto, na paka anakula na hapigi kelele ukimgusa, mara nyingi mwili unayanywa maji yake wenyewe ndani ya wiki mbili tatu. Ukitoboa, kwanza nafasi bado ipo, kwa hivyo maji yatarudi. Pili, umeingiza uchafu mahali palipokuwa safi, karibu na chuma kilichoshika mfupa. Vidudu vikishaingia kwenye chuma, kuvitoa ni kazi ngumu mno. Daktari mwenyewe akiamua kuyavuta, hunyoa, husafisha, hutumia vifaa vilivyochemshwa, na hata yeye hapendi kufanya hivyo bila sababu.

Basi ufanye nini? Siku tatu za mwanzo ni baridi. Na jamani, Shimoni tukose vyote, barafu? Huku barafu inalala na changu na jodari kila asubuhi! Nilikuwa najaza maji kwenye kichupa, nakigandisha, nakizungushia leso kavu, naweka juu ya uvimbe dakika kumi, mara tatu kwa siku. Barafu yenyewe haigusi ngozi, na kidonda hakilowi. Baada ya hapo, kwa ruhusa ya daktari, unabadilisha kuwa kitambaa cha vuguvugu, vuguvugu ya kuvumilika kwenye shavu lako. Usikande. Usichue. Usifunge bandeji yako mwenyewe ukidhani unabana maji: ukikaza, damu inakwama chini, vidole vinafura na kupoa, na unaweza kumpotezea mguu kwa kitambaa cha shilingi hamsini.

Halafu kupumzika, na hapa ndipo nilipogombana na mtaa. Pweza alikaa wiki sita kwenye tenga la kuku, kubwa, nimetandika nguo chini. Kila akiruka, ile ngozi inayojaribu kushikana inachanika tena na maji yanaongezeka, kando na hatari ya pini kuchomoka. Mama mmoja jirani, namheshimu sana, akanisimamisha mlangoni: "Mwanangu, hujasikia hadithi ya mwanamke aliyetiwa motoni kwa kumfungia paka?" Nimeisikia, mama. Yule hakumlisha wala hakumwachilia akatafute chakula chake. Wangu alikuwa anakula dagaa mara tatu kwa siku, kuliko mimi. Tukacheka, lakini yaliyofuata hayakuchekesha. Akaingia ndani akaniletea nusu ya Panadol. Kwa huruma kabisa, wallahi.

Hiyo nusu ingemuua. Sitilii chumvi. Ini la paka haliwezi kuivunja hiyo dawa kama letu, inageuka sumu, damu inashindwa kubeba hewa, fizi zinakuwa za kahawia, na uso na nyayo zinavimba. Yani unampa dawa kwa sababu ya uvimbe, anavimba zaidi, halafu anakufa. Brufen na diclofenac nazo usimpe. Kidonda usikisafishe kwa zile dawa ambazo ukitia maji zinakuwa nyeupe kama maziwa. Paka hujilamba, na zile kwake ni sumu. Na kola ya shingoni anavaa mpaka nyuzi zitolewe, hata akikutazama kwa lile jicho la kukulaani.

Kuna kitu kimoja kilinisaidia kuliko vyote na hakina gharama. Kila asubuhi nilikuwa nazungusha uzi kwenye paja, mahali palepale, nafunga fundo, naupima kwa rula, naandika. Siku ya tano uzi uliongezeka kidogo, ya saba ukasimama, ya tisa ukaanza kupungua. Bila ule uzi ningekuwa nabishana na macho yangu, na mtu mwenye wasiwasi ndiye anayeshika sindano. Nilikuwa namtumia daktari zile namba na picha kwa WhatsApp, akaniambia tulia, usije. Safari nzima ya feri nimeokoa hivyo.

Lakini kuna siku za kupanda matatu bila kuuliza. Uvimbe ukiwa wa moto au mwekundu, ukinuka, mshono ukifunguka, ukikua ghafla, vidole vikipoa, paka akigoma kula siku nzima au asikojoe: nenda. Nauli huna, kopa. Mimi nilikopa.

Wa Msambweni nimemwambia ukweli: kosa lilianza kwa mtu mwingine, lakini arudi leo, si kesho. Amerudi. Mguu haujakatwa bado, wanajaribu dawa kwanza. Anasubiri.

Na wewe mwenye klipu, unanifuata hapa, najua utasoma. Ile video bado iko juu, na kila saa kuna mtu anaisevu. Ifute.