Nauli ya kurudi kutoka fainali

Msomaji, maharage na mahindi yakishaingia ndani, huku Kigoma unaanza msimu wa makombe: la kata, la Diwani, la Mbunge. Bingwa hupewa ng'ombe, wa pili mbuzi, na kila kijana anataka kuwepo. Tuseme timu ya Busunzu imeingia fainali na mechi imepangwa Kibondo mjini. Mchana huo linakodiwa Fuso, linajazwa mashabiki hadi juu ya bodi, na wasiopata nafasi wanapanda bodaboda watatu watatu, ule mtindo tunaouita mshikaki.

Simo miongoni mwa wanaosema vijana wabaki nyumbani. Mpira ni afya, na kijana anayeshabikia timu ya kwao ana jambo jema la kufanya Jumamosi. Ninachogombana nacho ni safari, hasa ya kurudi.

Mzazi, hebu uangalie saa. Fainali hutangazwa saa nane, lakini huanza saa kumi kwa sababu mgeni rasmi hajafika. Dakika 90 na mapumziko zinakupeleka karibu na saa kumi na mbili. Wakitoka sare, kuna muda wa nyongeza na penalti. Zinafuata hotuba, kisha ng'ombe anakabidhiwa. Jua la Kigoma huzama kabla kidogo ya saa moja, kwa hiyo vijana wetu wanaanza safari gizani. Dereva naye alikuwa uwanjani akishangilia, na pengine amekunywa. Kijana uliyempa nauli ya kwenda tu atapanda chochote kitakachosimama. Na lami ya kutoka Manyovu kupitia Kasulu na Kibondo hadi Kabingo, ambayo tuliililia miaka mingi, imeongeza mwendo kuliko ilivyoongeza uangalifu.

Bodi la lori lilitengenezwa kwa ajili ya magunia. Halina mkanda wala kiti, na likipinduka walio juu hurushwa, walio chini hulaliwa na wenzao. Majini ni vivyo hivyo: siku ya Krismasi mwaka 2016, mashua iliyobeba wachezaji na mashabiki wa timu ya kijiji ilipinduka katika Ziwa Albert, Uganda, wakienda kwenye mechi ya kirafiki. Ilihofiwa watu wapatao 30 walikufa maji. Nao walikuwa wanakwenda kufurahi.

Sasa niseme yale ambayo wazazi huyakosa usiku huo. Kijana ameanguka kwenye pikipiki, ameinuka, amejifuta vumbi, anacheka na kusimulia bao. Saa mbili baadaye kichwa kinauma zaidi, anatapika, anasinzia ovyo au anaongea maneno yasiyoeleweka. Hiyo inaweza kuwa damu inayovuja ndani ya fuvu, na mgonjwa wa namna hiyo hasubiri asubuhi. Usimpe aspirini, wala usimpeleke duka la dawa kuchomwa diklofenaki, kwa maana dawa hizo zinaweza kuongeza kuvuja damu.

Jambo la pili linatuhusu sana sisi wa mkoa huu. Utafiti wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliikuta Kigoma ikiongoza Tanzania Bara, asilimia 24 ya watoto chini ya miaka mitano wakiwa na vimelea. Malaria ya mara kwa mara huvimbisha bandama, na bandama iliyovimba hupasuka kwa pigo dogo, hata la usukani wa pikipiki. Kijana akilalamika maumivu ya ubavu wa kushoto au ya bega la kushoto, akawa amepauka na kuona kizunguzungu, mkimbizeni hospitali ya wilaya hata kama ngozi haina mchubuko. Anayevuja damu nje, kandamizeni kidonda kwa kitambaa safi bila kuachia. Matibabu kwanza, PF3 itafuata. Na kumbukeni namba 115 ya m-mama ni ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Gari la majeruhi wa fainali mlitafute kabla ya mechi.

Mfuko wa ng'ombe mmoja ungetosha kukodi basi dogo la kwenda na kurudi, na kuweka uwanjani muuguzi mwenye sanduku la huduma ya kwanza. Wafadhili hawapendi kusikia hivyo, maana basi halipigwi picha na mgeni rasmi. Lakini ninyi wazazi ndio mnaowachangia, mna haki ya kuuliza gari litakalorudisha watoto kabla hamjatoa hata shilingi. Kwa upande wenu, mpe kijana nauli ya kwenda na ya kurudi, na akienda kwa pikipiki awe abiria peke yake, mwenye kofia ngumu iliyofungwa kidevuni. Shirika la Afya Duniani linasema kofia ikivaliwa sawasawa hupunguza hatari ya kufa kwa zaidi ya theluthi.

Kamati za mashindano nazo ziandike kwenye ratiba kwamba filimbi inapulizwa saa nane kamili. Mgeni rasmi akichelewa atakuta kipindi cha pili, na kombe atalikabidhi jua likiwa bado liko juu.